Ukipiga 116 kwa ajili ya mtoto wa jirani, nini hufuata?

Swali lenyewe ntalifupisha. Dada mmoja wa Maweni hapa Malindi ameniandikia kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake kuna msichana wa kama miaka tisa ama kumi, aliletwa na shangazi yake kutoka Marafa huko bara wakati wa ukame, na sasa mwaka umepita. Watoto wa huyo shangazi wako skuli, huyu hayuko. Alfajiri yuwateka maji, mchana yuwazungusha njugu na mayai ya kuchemsha, saa ingine mpaka upande wa bichi, na jioni ndo yeye afuaye. Usiku husikika akipigwa. Wiki iliyopita dada huyu aliona alama ya moto kwenye mkono wa mtoto, alipomuuliza akasema "nimejichoma" alafu akakimbia. Mama mkwe wake amemwambia aachane nayo, nyumba ya mtu ni sitara yake. Yeye mwenyewe ana hofu tatu: mtoto asije akachukuliwa akatiwa kwenye makao ya mayatima, jirani asijue ni nani aliyesema, na je kama amekosea? Anataka kujua akipiga simu haswa nini hufanyika.

Waalaikum salaam dadangu. Kwanza hio alama ya moto ndio imenifanya nikujibu leoleo. Mambo mengine uliyoyataja yangeweza kungoja siku mbili tatu, hilo la moto halingoji, kwa hivyo ukisha kusoma hapa usingoje wiki ingine uone kama itatokea tena.

Mie nimefanya kazi ya watoto hapa pwani miaka mingi, na kitu kimoja nimekiona karibu kila mtaa: watu hunyamaza wakidhani kuripoti ni kumshtaki mtu, kwamba lazima uwe na ushahidi, uwe tayari kusimama kotini, na ukikosea basi umemharibia mwenzio jina. Sivyo. Ukiripoti umemwambia afisa "kuna mtoto pale, nina wasiwasi naye, nendeni mkaangalie", basi. Kuangalia ni kazi yao. Kujua kama ni kweli ama si kweli ni kazi yao. Wewe kazi yako inaishia kwenye yale uliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, na hayo unayo tayari, mengi tu.

Sasa simu. Namba ni 116, hii ya msaada kwa watoto hapa Kenya, ni ya bure, hata kama huna kredo yapita, na yapokelewa mchana na usiku. Atakaepokea ni mshauri amefundishwa, sio polisi. Atakuuliza mtoto ana kama miaka mingapi, yuwakaa wapi (hapa toa alama za kueleweka, msikiti gani, duka gani, nyumba ya rangi gani, manake Maweni ukisema tu "nyumba ya makuti" watu watatafuta mpaka magharibi), nani wako kwenye ile nyumba, umeona nini na lini, na kama mtoto yuko kwenye hatari sasa hivi. Jina lako ataliuliza, unaweza kukataa kulitoa na bado ripoti yako ikachukuliwa. Ushauri wangu ni ulitoe na uombe lisitajwe, kwa sababu afisa akikwama njiani hajui nyumba atampigia nani? Ila kama hofu imekuzidi usitoe, afadhali ripoti isiyo na jina kuliko kimya. Kabla hujakata mwambie akupe namba ya kesi, uiandike.

Kama hutaki simu nenda mwenyewe ofisi ya watoto, hii ya Idara ya Huduma za Watoto ya sabkaunti, ama kituo cha ulinzi wa mtoto hapahapa Malindi. Ama dawati la jinsia pale polisi. Ama chifu. Chifu nimemweka mwisho makusudi, wako machifu wazuri sana na wako ambao kabla hujafika nyumbani shangazi ameshapigiwa simu. Wewe wamjua wako.

Yanayofuata ofisini ndo watu hawayaoni na ndo maana wanayaogopa. Ripoti ikifika hufunguliwa faili, siku hizi huingizwa pia kwenye mfumo wa kompyuta wa idara ili mtoto akihamishiwa Kilifi ama Mombasa habari zake zisianze upya. Afisa akiisoma anajiuliza swali moja kubwa: huyu mtoto akilala pale usiku wa leo, yuko salama? Jibu likiwa hapana, kwa mfano mtoto ana jeraha bichi, ama amefungiwa ndani, ama kuna habari za kunajisiwa, basi huendwa siku hiyohiyo na polisi na mtoto huanzia hospitali. Jibu likiwa "sijui" ama "huenda", afisa hupanga kwenda kuzuru nyumbani.

Hio ziara ya kwanza ikifanywa vizuri huwa ya kimya sana. Nakumbuka kesi moja, sitataja wapi, iliendwa na gari la polisi mchana kweupe, watu wakajaa barabarani kama kuna harusi, mtoto hakuwepo saa ile alikua ametumwa, shangazi akaulizwa maswali mbele ya watu wote. Kesho yake asubuhi mtoto alitiwa kwenye matatu ya kwanza akapelekwa kwa jamaa mwengine, na ilituchukua miezi kumpata. Miezi! Ndo maana nakusihi usiende kumkabili huyo jirani, usimwambie "ntakuripoti", usimtume mtu akamuonye. Ukimtisha yeye atakaehamishwa ni mtoto, na ataenda mahali ambapo hakuna jirani kama wewe.

Afisa mzuri atakaa na mwenye nyumba, atasikiliza, alafu ataomba kuzungumza na mtoto peke yake. Hamuulizi "shangazi yako yuakupiga?" manake mtoto atasema la, na ni haki yake kusema la, yeye ndie atakaebaki pale jioni. Humuuliza jana ulilala wapi, uliamka saa ngapi, ulikula nini na ulikula na nani, njugu zikibaki huwa nini, rafiki yako ni nani. Mtoto wa miaka tisa akisema hana rafiki, na akisema njugu zikibaki harudi nyumbani mpaka ziishe, afisa ameshapata mengi. Alafu atazungumza na mzee wa mtaa, wa Nyumba Kumi, mwalimu wa skuli wanayosoma hao watoto wengine, majirani kadhaa (kadhaa, sio wewe peke yako, hapo ndipo jina lako linapopata pa kujificha), na atawatafuta wazazi huko Marafa. Mara nyingi mamake mtoto akipatikana hana habari kabisa, yeye aliahidiwa mwanawe atasomeshwa mjini.

Hapa nataka niseme kitu kwa sababu naujua uchungu wake. Mtoto kulelewa na shangazi ni mila yetu na ni mila nzuri, wengi wetu tumekulia kwa mashangazi na mabibi na tukasoma kwa jasho lao. Sitaki mtu asome hapa aanze kumtazama kila mtoto aliyetoka bara kama mtumwa. Tofauti mimi huitafuta kwa kumlinganisha na watoto wa nyumba ile. Wakila pamoja, wakilala pamoja, wakienda skuli pamoja, wakitumwa pamoja na wakigombezwa pamoja, huyo yuwalelewa, hata kama ni kwa umaskini. Wakienda wao skuli na yeye abaki na beseni, wakila wao yeye angoje ukoko, hapo malezi hayapo tena, ni utumishi bila mshahara. Uliyoniandikia wewe ni haya ya pili. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inamlinda dhidi ya kutelekezwa, kuteswa na kazi za kumdhuru. Haikusema isipokuwa wa kutoka Marafa.

Na hilo la bichi usilione dogo. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali walitoa ripoti ya ngono na watalii hapa pwani, Malindi ikiwemo, wakakadiria wasichana 10,000 mpaka 15,000 walikua wameingizwa kwenye biashara hio katika miji waliyoichunguza. Ni ripoti ya zamani ila njia wanayoingilia watoto haijabadilika sana, mtoto ana beseni, jua limezama, bidhaa hazijaisha na ameambiwa asirudi nazo, anatokea mtu, awe mgeni ama mwenyeji, anasema ntanunua zote. Kwa hivyo ukiripoti taja saa unazomuona barabarani. Ni habari muhimu kuliko unavyodhani.

Sasa hofu yako ya kwanza, kuchukuliwa. Ntakuambia kweli, mtoto anaweza kuondolewa, lakini kumtia kwenye makao ndio hatua ya mwisho sio ya kwanza, na sheria ndo iko hivyo. Serikali ilisitisha kusajili makao mapya ya watoto tangu 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati mzima wa kurudisha malezi kwenye familia. Mwaka huohuo ikaja Sheria mpya ya Watoto iliyoondoa ile ya 2001. Kwa hivyo afisa akikaa na faili lako mezani huanza karibu kisha ndo aende mbali. Je shangazi anaweza kubadilika akisimamiwa, akapewa ushauri, mtoto akatiwa skuli, afisa akawa anakuja kuangalia? Wako wanaobadilika, nimewaona, wengi huwa wamelemewa na maisha na hawajawahi kuambiwa na mtu mwenye mamlaka kwamba wanalofanya ni kosa. Kama hapa hapafai, je mama anaweza kurudishiwa mwanawe na akasaidiwa? Kama mama hawezi, kuna bibi, mjomba, mamake mdogo? Na kwa sisi Waislamu sheria ya 2022 imeitambua kafala, familia ikamlea mtoto kwa mapenzi yote na nasaba yake ikabaki kuwa yake. Kuna pia familia za malezi ya muda. Makao ni pale ambapo yote haya hayajapatikana ama mtoto anahitaji pa kulala usiku wa leo wakati jamaa wanatafutwa. Na akiondolewa afisa hamfichi mahali tu, kesi hupelekwa mahakama ya watoto, hakimu ndie huamua akae wapi na kwa muda gani, watu wa nje hawaingii na jina la mtoto halichapishwi.

Watu hapa wamezoea kuwatishia watoto "ntakupeleka rimandi". Tafadhali tuache. Ile mahabusu ya watoto ni ya watoto wenye kesi za jinai, mtoto aliyeteswa hakukosa kitu, na akiwa na picha hio kichwani siku afisa akija atajificha chini ya kitanda.

Hofu ya pili, jirani kujua. Afisa haruhusiwi kukutaja. Lakini mie sitakudanganya, mtaa ni mtaa, huyo mama atakaa ahesabu nani aliona mkono wa mtoto na huenda akafika kwako. Jitayarishe na neno moja la kujibu na usilizidishe. Wala usimwambie yeyote kwamba umepiga, hata shoga yako, hata mama mkwe. Nimeona kesi nyingi zikivuja, na mara nyingi zilivuja kwa aliyeripoti mwenyewe. Ukianza kutishwa ripoti polisi, hakikisha imeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na uchukue hio namba.

Ya tatu, kama umekosea. Basi afisa atakuja, atakuta mtoto yuko salama, ataandika hivyo, ataondoka. Alieripoti kwa nia safi hana hatia. Anaeharibu ni yule atungae uongo kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja ama mume, na wewe siye huyo.

Kuna mambo nakuomba usifanye. Usimpige picha mtoto ukaituma kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa nia ya kusaidia, picha ya mkono wake ulioungua itazunguka Malindi nzima na atakua nayo mpaka aolewe. Usimuhoji hoji. Akija mwenyewe akakuambia kitu, msikilize mpaka amalize, mwambie "umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako", na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote kwa sababu utamwambia mtu, na mtoto aliyedanganywa na mtu mzima mmoja zaidi hatasema tena. Alafu andika, maneno yake mwenyewe alivyoyasema, tarehe na saa. Daftari ndogo ya shilingi ishirini imewahi kusaidia kesi kuliko mashahidi watano waliosema "tulikua tukisikia sikia".

Na kama atakuambia ameguswa ama ameingiliwa, Mungu atuepushie, hapo mpango mzima unabadilika. Usimwoshe, usimbadilishe nguo, na kama ameshabadilisha zile nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi ya khaki usitie kwenye plastiki. Hospitali kwanza, kabla ya kituo cha polisi, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72 na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyenajisiwa, polisi watatoa P3, fomu ya kuandikwa majeraha kwa ajili ya kesi. Na jamaa wakija na wazee kusema tukae chini tuzungumze, tulipwe mbuzi, tufanye maslaha, ujue hio kesi si mali ya familia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imelitoa hilo mikononi mwa wazazi, uamuzi wa kusimamisha kesi ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Alienajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini hukumu yake ni kifungo cha maisha. Hakuna mbuzi wa kufuta hilo, na hili la maslaha lanichoma moyo kuliko yote niliyoyaona kwenye kazi hii, kwa sababu mtoto huwa yuko pale chumba cha pili yuwasikia bei yake ikijadiliwa.

Unaweza kuripoti na kusiwe na mtu aliyekuja siku mbili. Hutokea. Afisa mmoja huwa na sabkaunti nzima, leo yuko kotini, kesho Gongoni, na gari saa ingine hakuna mafuta. Hio ni sababu, lakini isiwe sababu ya wewe kukaa kimya. Piga tena 116, taja ile namba ya kesi, sema umeona nini kipya. Nenda ofisini ukakae pale. Waulize kama kuna mtu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto kwenye wadi yenu, hawa ndo macho ya afisa mitaani na mara nyingi hufika mbele yake kwa sababu wanakaa hapohapo. Na kama utasikia mtoto akipigwa usiku na sauti ikakutisha, usingoje ofisi ifunguliwe, piga 999 ama 112.

Mama mkwe wako sitabishana nae, yuasema alivyofunzwa, na sitara ni jambo kubwa kwetu. Lakini mwaka 2023 pale Shakahola, hapahapa kwetu, wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka wafe, watu zaidi ya 400 walifukuliwa kwenye makaburi msituni, watoto wengi wakiwemo. Wale watoto walikua na majirani kabla ya kuingia kule msituni. Waliacha skuli, walikonda, walitoweka, na yako macho yaliyoona. Sikulaumu wewe wala sizilaumu zile jamii, nataka ujue tu ni kwa nini mie nikisikia "mambo ya nyumba ya watu" husikia kitu chengine kabisa.

Kwa hivyo leo piga. Anza na mkono ulioungua, useme siku uliyouona, useme aliyokujibu, kisha usiku, kisha skuli, kisha njugu na saa zake. Dakika kumi hivi. Kesho endelea kama kawaida, na huyo mtoto akipita na beseni lake nunua njugu zake mapema kabla jua halijazama, muulize jina lake kama hujawahi kumuuliza, na umwite kwa hilo jina kila siku akipita. Afisa akimuuliza kama kuna mtu mzima amjuae hapa mtaani, awe na wa kumtaja.